Kompyuta ya Gemu kwa Mfuko Mwembamba: Vipuri vya Kununua Ukiwa Mombasa

Wengi huanza na prosesa, ubongo wa kompyuta, kwa sababu ndilo jina linaloandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo. Mtu analipia prosesa ya i7, anafika nyumbani, gemu linakwamakwama kwa sababu ndani mna kadi ya grafiki (kipuri kinachochora picha) ya zamani au hamna kadi kabisa. Mfuko ukiwa mdogo hesabu huenda kinyume: skrini kwanza, kisha gemu, kisha kadi ya grafiki, na vingine vyote viifuate kadi. Halafu kuna mambo mawili ambayo orodha nyingi za mtandaoni haziyagusi, kwa kuwa waandishi wake wanaishi kwenye baridi na stima isiyoyumba: umeme na joto. Hayo ndiyo yanayoua mashine hapa Pwani, kwa hiyo tutayakalia kitako.

Skrini na gemu

Monita ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli milioni mbili na ushei. Ya 4K ina mara nne ya hizo, na kadi hulazimika kuzichora upya kila fremu, yaani kila picha mpya inayoonyeshwa. Kwa bajeti tunayoizungumzia, baki kwenye 1080. Kama sebuleni kuna TV ya 4K itumie, lakini gemu uliweke kwenye 1080 na uwashe hali ya gemu katika menyu ya TV. Bila hiyo TV huchelewesha picha ili kuipamba, nawe utabonyeza pasi na mchezaji ataitoa baada ya kukabwa.

Hz, yaani mara ambazo skrini hubadilisha picha kwa sekunde, nazo zina maana. Skrini ya 60 Hz huonyesha fremu 60 kwa sekunde, basi. Kadi ikitoa 140 zile za ziada umezilipia bure. Anayecheza Valorant au Counter-Strike 2 kwa ushindani atafaidika na 144 Hz. Wa mpira na gemu za hadithi hapotezi kitu akiwa na 60 au 75. Monita za mitumba kutoka ng'ambo, za inchi 22 hadi 24, ni nafuu na nyingi bado nzima, ila tazama nyuma yake: kadi za sasa hazina tundu la VGA, lile la zamani la bluu. Monita yenye VGA peke yake itakutaka ununue kigeuzi chenye chipu ndani. Kile kikebo cha bei ya chai chenye HDMI upande mmoja na VGA upande wa pili hakitoi picha.

Upande wa gemu, soma mahitaji yanayotangazwa na watengenezaji. EA Sports FC 24, kwa mfano, ilitaka angalau ramu (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8, kadi ya GTX 1050 Ti ya NVIDIA au RX 570 ya AMD, na nafasi ya GB 100. Hicho ndicho kiwango cha chini. Kiwango kilichopendekezwa kilikuwa ramu ya GB 12 na kadi ya GTX 1660. Ukilenga juu kidogo ya mapendekezo hayo, mashine itakufaa miaka kadhaa.

Mgao wa pesa

Tuchukue shilingi 80,000 kwa kasha na vilivyomo, bila monita, kibodi wala UPS (betri ya kushikilia stima ikikatika). Huu ni mgao wa kujiwekea mipaka, si orodha ya bei za dukani, maana bei hupanda na kushuka kila meli ikitia nanga:

kadi ya grafiki 30,000
prosesa 14,000
madabodi (bodi kuu inayobeba vipuri) 10,000
ramu 9,000
SSD (hifadhi ya gemu na mafaili) 6,000
pawasaplai (inayogawa umeme kwa vipuri) 7,000
kasha na feni 4,000

Kipuri kimoja kikizidi mpaka wake, punguza kwenye prosesa au nunua ramu na prosesa za mtumba. Usipunguze kwenye pawasaplai. Ramu hasa imepanda sana tangu mwishoni mwa 2025, kwa kuwa viwanda vinaelekeza chipu kwenye mashine za akili mnemba, kwa hiyo uliza bei yake kabla ya kitu kingine chochote na upange zilizobaki kwa kuifuata. Chukua bei za maduka matatu, ukiulizia jina kamili la kipuri. Anayekujibu "ni kadi ya 8 GB" bila kutaja namba ya kadi hajakujibu.

Kadi ya grafiki

Kwa 1080, kadi inayolipa vizuri kwa kila shilingi ni RX 6600. Ina GB 8 za kumbukumbu, hula wati 132, na huhitaji kebo moja ya pini 8 tu. RTX 3060 ya GB 12 ni nzuri zaidi kwa kumbukumbu lakini hula wati 170, na mara nyingi wauzaji huipandisha bei kwa sababu ya jina. GTX 1660 Super ya GB 6 ya mtumba bado inacheza karibu kila kitu ukishusha ubora wa picha.

Ikimbie RX 6500 XT hata ukiuziwa mpya ndani ya boksi. Ina GB 4, na imeunganishwa na madabodi kwa njia nne tu. Ukiichomeka kwenye madabodi ya PCIe 3.0, toleo la zamani la tundu la kadi, kasi ya njia hizo hukatwa nusu. Kumbukumbu ikijaa, gemu hudunda kama matatu kwenye matuta. RX 580 zinazouzwa kwa bei ya kutupa nyingi zina maandishi 2048SP: ni toleo lililopunguzwa, lenye viini (vitengo vya kukokotoa) 2,048 badala ya 2,304, na nyingi zilikesha miaka zikichimba sarafu za kidijitali. Zinakula umeme na zinatoa joto jingi.

Kuna udanganyifu mmoja unaojirudia: kadi ya zamani ya NVIDIA iliyoandikwa upya programu yake ya ndani ili kompyuta iisome kama GTX 1050 Ti. Dalili iko nyuma ya kadi. GTX 1050 Ti halisi haina uwezo wa kutoa picha ya VGA, kwa hiyo ukiona tundu la bluu la pini 15, rudisha mezani. Kwa uhakika zaidi washa programu ya GPU-Z, ambayo huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi ya namna hiyo.

Kadi ya mtumba usiilipe kabla haijafanya kazi mbele yako. Beba flashi diski yenye GPU-Z na Unigine Superposition, au jaribio lolote zito, na uliache likimbie dakika 15. Tazama kama kuna vidoa au mistari ya rangi kwenye picha, na kama feni zote zinazunguka bila kukwaruza. Kagua bamba la chuma la nyuma na vichwa vya skrubu: kutu hapo inakuambia kadi ilikaa karibu na dirisha linalotazama bahari, na chumvi hiyohiyo imefika kwenye maunganisho usiyoyaona. Muuzaji akikataa kujaribu kwa kuwa "fundi hayupo", basi fundi akiwepo ndipo pesa zitakuwepo.

Prosesa, madabodi na ramu

Ryzen 5 5600 ya AMD, ya soketi (tundu la prosesa) AM4, na Core i5-12400F ya Intel, ya soketi LGA1700, zote zina viini 6 na nyuzi 12 (kazi 12 kwa wakati mmoja), na zinatosha kuilisha RX 6600. Pesa zikibana, Core i3-12100F yenye viini 4 inashangaza kwa gemu nyingi. Ryzen 5 5500 inafanana na 5600 kwa jina tu: kashe yake (kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa) ni MB 16 badala ya 32, na inaishia PCIe 3.0. Tofauti ya bei ikiwa ndogo chukua 5600.

Herufi F kwenye Intel maana yake hakuna grafiki ya ndani, na 5600 ya AMD vilevile haina. Bila kadi, skrini haitawaka kabisa. Anayetaka kununua kwa awamu achague Ryzen 5 5600G: ina grafiki ya ndani ya Vega yenye uwezo wa kucheza Valorant na gemu nyepesi hadi mwezi wa kununua kadi ufike. Ukiichukua, ramu lazima iwe vipande viwili, kwa sababu grafiki hiyo hutumia ramu ya kompyuta kama kumbukumbu yake, na kipande kimoja huikata pumzi. Soketi mpya ya AM5 iache kwa sasa; madabodi yake na ramu ya DDR5 zitameza pesa za kadi.

Kwenye madabodi usilipie urembo. B450, A520 au B550 zinatosha kwa AMD, H610 au B660 kwa Intel. Tahadhari ni moja: B450 iliyokaa dukani muda mrefu inaweza kuwa na bayosi (programu ya ndani ya madabodi) iliyotangulia Ryzen za 5000, nayo haitawaka na 5600. Tafuta stika ya "Ryzen 5000 Ready" kwenye boksi au mwambie muuzaji aisasishe bayosi kabla hujaondoka. Hesabu pia matundu ya feni, angalau mawili mbali na la prosesa.

Ramu: GB 8 mara mbili, aina ya DDR4, kasi 3200. Kipande kimoja cha GB 16 hufanya kazi kwa njia moja tu na huangusha fremu waziwazi. Mtumba wa ramu hauna hatari kubwa, kwani ama ni nzima ama programu ya MemTest86 itaonyesha makosa. Hakikisha tu si ya laptopu. Ile ni fupi, karibu nusu ya urefu.

SSD ya GB 500 ndiyo ya kuanzia, ya TB 1 ndiyo ya kukaa nayo. Kati ya SSD za NVMe (za kasi zaidi) na za SATA, gemu nyingi hazionyeshi tofauti unayoweza kuihisi. Ukinunua SSD ya mtumba fungua programu ya CrystalDiskInfo usome afya na saa ilizotumika, na ukiona TB 2 kwa bei ya GB 256 jua ukubwa huo uko kwenye stika tu.

Pawasaplai, na stima yetu

Soma stika iliyo ubavuni, si namba kubwa iliyo kwenye boksi. Tafuta mstari wa volti 12 na uzidishe kwa ampea zake, kwa sababu prosesa na kadi zote hula kutoka hapo. Pawasaplai iliyoandikwa wati 500 lakini yenye ampea 20 kwenye volti 12 ina wati 240 za kweli. Ile nzuri ya wati 550 huwa na ampea 40 hivi au zaidi. Alama ya 80 Plus Bronze inazungumzia upotevu wa umeme na si uimara, lakini zile takataka kabisa huwa hazina alama hiyo. Uzito nao unasema: iliyo nyepesi kama boksi tupu imepunguziwa vipozeo na sumaku za ndani.

Baadhi ya pawasaplai za bei ya chini zina swichi ndogo nyekundu nyuma, 115 na 230. Kenya tunatumia volti 240. Ikikaa kwenye 115 ukachomeka, utasikia mlio mmoja na harufu, na imekwisha. Iangalie kabla ya kebo, kila mara.

Mashine yenye Ryzen 5 5600 na RX 6600, pamoja na monita, hula wati 250 hivi gemu likichemka. UPS ya VA 650 mara nyingi hutoa wati 360 hadi 390, kwa hiyo inaibeba, lakini kwa dakika chache tu. Kazi yake ni kukupa muda wa kusevu na kuzima, si kumaliza mechi. UPS nyingi za bei ya chini hutoa wimbi la umeme la ngazi-ngazi badala ya laini, na baadhi ya pawasaplai za kisasa hulikataa na kuzimika pale stima inapokatika, yaani wakati uleule ulioinunulia. Zijaribu pamoja: washa gemu, chomoa UPS ukutani, tazama. Kama pesa ya UPS haijapatikana, angalau nunua AVS, ile wanayowekea friji. Hukata volti zikipanda au kushuka mno, na stima ikirudi husubiri kwanza itulie. Pigo kubwa kwa vipuri huwa wakati wa kurudi, si wa kukatika.

Nyumba nyingi za kupanga zina soketi za matundu matatu ambazo ndani waya wa ardhi haujafika popote. Ukigusa kasha kwa mguu mtupu ukahisi mwasho, ndiyo sababu: kichujio cha pawasaplai huvujisha umeme kidogo kwenye chuma, na umekosa njia ya kwenda ardhini. Mwite fundi wa umeme apime.

Kuhusu tokeni: wati 250 kwa saa nne ni uniti moja. Ukicheza hivyo kila siku ni uniti 30 kwa mwezi, kiasi kinachotosha chenyewe kumjaza au kumtoa mtumiaji mdogo kwenye kundi la bei ya chini.

Joto, unyevu na chumvi

Majaribio unayoyasoma mtandaoni hufanywa kwenye vyumba vya nyuzi 20 na kitu. Kaskazi ikikaza, Februari na Machi, chumba kisicho na AC hapa hupita 32. Ongeza tofauti hiyo moja kwa moja: kadi iliyopimwa kwa nyuzi 70 kule itakaa 80 kwako. Ryzen 5 5600 huanza kujipunguza kasi ikifika 90, na feni ndogo inayokuja nayo boksini huisogeza karibu na hapo. Ukibakiza shilingi elfu mbili tatu, kipozeo cha mnara chenye feni ya milimita 120 ni matumizi mazuri kuliko taa za rangi.

Kasha lenye kioo mbele lina sura nzuri na pumzi mbaya. Chagua lenye wavu mbele na chujio la vumbi linalotoka. Feni mbili za mbele ziingize, moja ya nyuma itoe. Usiliweke chini ya dirisha lililo wazi ukidhani upepo wa bahari utalipoza, kwa sababu feni zitavuta chumvi na unyevu hadi kwenye matundu ya ramu. Wenye AC nao wana lao: mashine iliyopoa, AC ikizimwa na madirisha yakafunguliwa, hutokwa jasho kama chupa ya soda. Iache izimike nusu saa kabla ya kuiwasha tena. Mashine inayotumiwa mara kwa mara huharibika polepole kuliko ile inayofungiwa miezi, kwani joto lake hukausha unyevu.

Kama pesa ni nusu ya hizo

Njia ya kweli ni kompyuta ya ofisi ya mtumba, mfano Dell OptiPlex 7060 au HP EliteDesk 800 G4, yenye Core i5-8500 na viini 6. Usishuke chini ya kizazi cha nane, kile cha i5-8500: Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haizikubali i5-6500 wala 7500, ambazo ndizo zimejaa madukani. Valorant nayo, kwenye Windows 11, hudai TPM 2.0 na Secure Boot, vipengele vya usalama vya mashine.

Pawasaplai za kompyuta hizi ni ndogo na za umbo lake zenyewe, aghalabu hazina kebo ya kadi. Kwa hiyo kadi iwe isiyohitaji kebo: RTX 3050 ya GB 6, inayokula wati 70, au GTX 1650 isiyo na tundu la umeme. Kuwa makini na hiyo 3050, maana ile ya GB 8 ni kadi nyingine na inataka kebo. Pima kasha kabla. Lile jembamba huchukua kadi fupi ya bamba la nusu (low profile) peke yake. Mnara mpana huchukua ya kawaida na utakuondolea taabu ya kusaka.

Kuunganisha, na pale watu wanapokwama

Hatua zenyewe si ngumu: prosesa na ramu juu ya madabodi nje ya kasha, madabodi ndani, kisha pawasaplai, kebo, na kadi mwisho. Gusa chuma cha kasha kabla ya kushika vipuri, ingawa kwa unyevu wetu cheche za mwilini ni chache kuliko kwingine.

Yanayokwamisha ni yaleyale. Kebo ya prosesa ya pini 8, juu kushoto, imesahauliwa: feni zinazunguka, skrini nyeusi. HDMI imechomekwa kwenye madabodi badala ya kadi: ama giza, ama gemu linakwenda kwa mwendo wa kobe. Ramu imewekwa matundu ya jirani. Kwenye madabodi ya matundu manne weka la pili na la nne kuanzia kwenye prosesa. Kwenye AM4 ukitoa kipozeo kwa nguvu, prosesa hung'oka nacho na pini hupinda. Washa mashine dakika kumi ipate joto, izime, kisha zungusha kipozeo taratibu kabla ya kuvuta.

Ikiwaka, ingia bayosi uwashe XMP, mpangilio unaoipa ramu kasi iliyoandikwa juu yake, la sivyo ramu ya 3200 itakimbia 2400 au 2666 milele na hakuna atakayekuambia. Weka draiva kutoka tovuti ya AMD au NVIDIA. Kwa monita ya 144 Hz, fungua mipangilio ya skrini ya Windows uchague 144 mwenyewe, kwani mara nyingi huanzia 60. Mwisho weka kikomo cha fremu kinacholingana na skrini yako. Kadi itapoa, feni zitanyamaza, na tokeni zitakwenda mbali zaidi.